Ruta ya mtumba iliyokuwa ikijizima: nilivyoikuta na inavyofanya kazi sasa

Ruta ninayoizungumzia ni ya masafa mawili, gigahezi 2.4 na 5, ya kizazi cha waifai kinachoitwa 802.11ac, yenye antena nne za kufungua kwa mkono na matundu manne ya waya. Niliinunua ikiwa imeshatumika, pamoja na ripita, yaani kifaa cha kurudia mawimbi ya waifai ili yafike mbali, ndogo ya kuchomeka ukutani. Aliyeniuzia hakunificha kitu: alisema inawaka vizuri, ila waifai inakatika-katika. Jina la kampuni iliyoitengeneza naliacha, maana matatizo niliyoyakuta ndani yake utayakuta kwenye ruta za mtumba za aina yoyote. Leo inafanya kazi na naipa alama nzuri. Ila alama hizo hazikuja na kifaa, zilikuja baada ya kukipima hatua kwa hatua, na hatua ya kwanza ambayo wengi huiruka ni umeme.

Dalili ilikuwa hii. Ukiwasha, taa zinawaka zote, jina la mtandao linaonekana, simu inaunganika, ujumbe unaingia na kutoka. Ukianza kupakua faili kubwa, au watu wawili wakifungua video kwa wakati mmoja, mtandao unapotea. Ukisubiri kidogo unarudi wenyewe. Mtu akiona hivyo hukimbilia kubadilisha chaneli, kubadilisha nywila, kuriseti, na mwisho anaipigia simu kampuni ya intaneti kulalamika. Mimi nilitaka kwanza jibu la swali moja: imekatika waifai peke yake, au ruta nzima imezima na kuwaka upya? Hayo ni matatizo mawili tofauti kabisa, ingawa kwenye simu yanaonekana sawa.

Jibu ruta inalo yenyewe. Unafungua ukurasa wake wa mipangilio kwenye kivinjari, kwa anwani iliyoandikwa kwenye stika ya chini, mara nyingi 192.168.0.1 au 192.168.1.1, na unatafuta sehemu inayoonyesha hali ya kifaa. Hapo huandikwa ruta imekuwa hewani kwa muda gani tangu iwake. Nikapakua faili mpaka mtandao ukapotea, uliporudi nikaangalia: muda umeanza upya. Kumbukumbu za matukio za nyuma zilikuwa zimefutika, na mistari mipya ilianza na tarehe ya Januari 1, 1970. Ruta nyingi hazina betri ya saa, kwa hiyo zikiwaka huanza kuhesabu kutoka tarehe fulani ya zamani mpaka zipate saa sahihi kutoka kwenye intaneti. Kwa hiyo waifai haikuwa na kosa lolote bado. Ruta ilikuwa inazima.

Nikaigeuza. Stika ilidai volti 12 na ampea 1.5. Adapta niliyokabidhiwa iliandikwa volti 12, ampea 1. Haikuwa yake. Kwenye vifaa vya mtumba hili ni jambo la kila siku: adapta halisi inabaki kwa mwenye ruta wa kwanza au inapotea, na muuzaji anatafuta yoyote ambayo plagi yake inaingia. Ruta ikiwa imetulia haili umeme mwingi, adapta ndogo inaimudu. Redio zote mbili zikianza kurusha data mfululizo, mahitaji yanapanda, adapta inazidiwa, volti zinashuka, na prosesa ikikosa umeme wa kutosha ruta inaanza upya. Ndiyo maana ilikuwa inazima wakati wa kazi na si wakati wa mapumziko.

Niliipima adapta kwa mita kabla ya kuichomeka kwenye ruta, ikasoma volti 12.2. Kipimo hicho peke yake hakisemi kitu. Adapta iliyochoka, ambayo kapasita zake (vipande vinavyohifadhi umeme kidogo ili volti zisiyumbe) zimekauka kwa joto la miaka, inaweza kusoma vizuri kabisa ikiwa haina mzigo. Kwa hiyo nikafungua ruta. Skrubu mbili zilikuwa zinaonekana na mbili zimefichwa chini ya miguu ya mpira. Nikatoa kava, nikaiwasha ikiwa wazi, nikagusisha ncha za mita kwenye miguu ya soketi ya umeme, pale ilipolehemiwa kwenye bodi. Ikiwa imetulia ilisoma 11.8. Nikaanza kupakua. Ikashuka 11.1, ikaja 10.4, halafu namba zikawa zinarukaruka karibu na 9, na taa zote zikazima kwa pamoja mbele yangu. Mita ya kawaida husoma polepole, haioni mshuko wa sehemu ndogo ya sekunde, kwa hiyo volti zenyewe zilikuwa zimeanguka zaidi ya nilivyosoma.

Hapo niseme kitu kwa anayetaka kujaribu: ndani ya ruta ya namna hii kuna volti 12 tu, unaweza kupima bila hofu mradi ncha za mita zisigusane. Ndani ya adapta kuna umeme wa ukutani. Huko sifungui, nanunua nyingine.

Nilinunua ya volti 12, ampea 2. Wapo wanaoogopa kwamba ampea nyingi zitaunguza ruta. Hapana. Volti lazima zilingane na za stika, lakini ampea za adapta ni uwezo wake, na ruta huchukua kiasi inachohitaji tu. Ya kuangalia kwa makini ni mawili. Kwanza, alama ya duara inayoonyesha kama chanya iko katikati ya plagi au nje, kwa sababu ukigeuza unaweza kuiua ruta mara moja. Pili, tundu la plagi. Plagi nyingi zina unene uleule wa nje wa milimita 5.5, lakini tundu la ndani ni 2.1 au 2.5. Yenye tundu la 2.5 inaingia vizuri tu kwenye pini ya 2.1, ila inacheza, na kila ukiisogeza ruta umeme unakatika. Ni tatizo dogo linalowapotezea watu muda mwingi, maana linafanana na bodi mbovu.

Adapta mpya ikaondoa kuzima kabisa. Nilipakua faili zilezile, redio zote zikiwa zimeelemewa, volti hazikushuka chini ya 11.9. Asilimia kubwa ya thamani ya ruta hii ilirudi hapo, kwa kifaa ambacho si hata sehemu yake.

Baada ya umeme kutulia, na si kabla, ndipo nikagusa programu yake, ile iliyo ndani inayoiendesha. Mpangilio huu naushikilia sana. Ukiandika programu mpya kwenye ruta halafu umeme ukakatika katikati, unaweza kubaki na kifaa kisichowaka kabisa. Kuna sababu nyingine ya kutoridhika na kuzima na kuwasha tu kwenye kifaa kilichotoka kwa mtu usiyemjua. Mwaka 2018 watafiti wa Cisco Talos, kitengo cha usalama wa mtandao cha kampuni ya Cisco, walitangaza programu hasidi iitwayo VPNFilter, iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, hasa ruta za nyumbani na ofisi ndogo. Sehemu yake ya kwanza ilikuwa na uwezo wa kubaki hata ruta ikizimwa na kuwashwa. Mimi ruta ya mtumba siiamini mpaka niiandikie programu safi.

Mipangilio ya mmiliki wa kwanza nayo ilikuwa na mambo yake. Usimamizi wa mbali ulikuwa umewashwa, na anwani za DNS zilikuwa zimeandikwa kwa mkono, hazikuwa za kampuni ya intaneti wala za huduma yoyote ninayoifahamu. DNS ndiyo inayoamua ukiandika jina la tovuti upelekwe wapi, kwa hiyo hilo si jambo la kuacha. WPS, njia ya kuunganisha kifaa na waifai kwa kitufe au PIN badala ya nywila, ilikuwa imewashwa pia. Tangu 2011 inajulikana kwamba PIN yake ya tarakimu 8 inakaguliwa kwa vipande viwili, na hivyo anayebahatisha hahitaji kujaribu zaidi ya mara 11,000. Niliizima.

Programu niliyoweka ni OpenWrt, mradi wa wazi ulioanza 2004 baada ya msimbo wa ruta ya Linksys WRT54G kutolewa hadharani. Nilihakikisha namba ya toleo la kifaa kwenye stika, ile v1, v2 au v3 inayofuata jina, kwa sababu ruta mbili zenye jina moja na kava moja zinaweza kuwa na chipu tofauti ndani, na programu ya moja ikaiua nyingine. Anayenunua leo akiwa na nia hii aangalie pia kumbukumbu: vifaa vyenye megabaiti 4 za hifadhi na 32 za RAM vimeshaachwa na matoleo mapya.

OpenWrt ndiyo iliyonifunulia tatizo la pili. Waifai ya 2.4 ilikuwa nzuri. Ya 5 ilikuwa inashika, lakini spidi ilikuwa ya kusikitisha hata nikiwa chumba kimoja na ruta. Kwa amri ya iw dev wlan0 station dump, inayoandikwa ndani ya ruta yenyewe, unaona ruta inaisikia simu yako kwa nguvu kiasi gani, na inakuonyesha kila antena peke yake. Mstari wangu ulisomeka: -48 [-48, -79]. Namba hizi ni za desibeli, na ikikaribia sifuri ndiyo nguvu. Antena moja ilikuwa inasikia vizuri, ya pili ilikuwa karibu kiziwi. Kila desibeli 10 ni mara kumi ya nguvu, kwa hiyo tofauti ya zaidi ya 30 maana yake antena ya pili ilipokea chini ya sehemu moja ya elfu ya ile ya kwanza. Simu yenyewe ilikuwa inaonyesha vijiti vingi, kwa sababu vijiti vinapima unachosikia wewe kutoka kwa ruta. Ruta inavyokusikia wewe havikuonyeshi.

Nikabadilishana zile antena mbili za masafa ya 5, hii ikae kwa ile. Kama udhaifu ungehama pamoja na antena, antena ndiyo mbovu. Udhaifu ulibaki palepale, kwenye tundu lilelile. Kwa hiyo tatizo lilikuwa ndani: ama waya mwembamba unaotoka kwenye tundu la antena kwenda kwenye bodi, ama kikuza mawimbi cha upande huo. Cha pili huharibika sana kwa radi na mishtuko ya umeme, na kukibadilisha ni kazi ya fundi mwenye hadubini na kifaa cha hewa ya moto.

Ilikuwa waya. Kiunganishi chake ni kile kidogo sana kinachoitwa U.FL, na upande wake mmoja ulikuwa umeinuka. Ukikitazama kutoka juu kinaonekana kimekaa. Nilipoinamisha bodi na kumulika kwa tochi kutoka pembeni ndipo nikaona mwanga unapita chini yake. Aliyeifungua kabla yangu bila shaka alikivuta akakirudisha kwa kukisukuma kwa pembeni. Viunganishi hivi vimetengenezwa kuchomekwa mara 30 tu, si vitu vya kuchezea. Unakiweka sawa juu ya kikalio chake, unabonyeza moja kwa moja kuelekea chini kwa kitu chenye ncha bapa, unasikia kimebana. Nikawasha tena, mstari ukasoma -46 [-48, -51]. Na simu ikapanda kutoka kiungo cha megabiti 433 kwa sekunde hadi 867, yaani mikondo miwili ya data kwa wakati mmoja badala ya mmoja kwenye chaneli ya upana wa megahezi 80.

Tatizo moja halikutibika. Tundu la tatu la waya linaunganika kwa megabiti 100 tu, na mengine yote yanafika 1000, kwa waya uleule na kompyuta ileile. Spidi ya 1000 inahitaji jozi zote nne za nyaya, ya 100 inatosheka na mbili. Jozi moja au zaidi imekufa ndani ya tundu hilo. Nimeichomeka printa hapo na haijalalamika.

Kuhusu ripita, siwezi kuisifia. Ina redio moja tu, kwa hiyo inapokea na kurusha kwenye chaneli ileile kwa zamu, na spidi inapungua karibu nusu hata ikiwa nzima. Na hii haikuwa nzima: ilikuwa inapata joto kali na kujizima. Usambazaji wake wa umeme umo ndani ya kava hilohilo dogo, kapasita zinaiva pamoja na redio, na kufungua kitu kinachochomekwa moja kwa moja ukutani ili kubadilisha kapasita ni hatari isiyolingana na faida. Niliitoa kazini. Mahali pake nimepitisha waya kutoka kwenye ruta hadi kwenye ruta nyingine ya zamani niliyoizima DHCP (kazi ya kuvigawia vifaa anwani za mtandao) na kuifanya kituo cha waifai tu, ya kwanza ikiwa chaneli ya 1 na ya pili chaneli ya 11, zote kwa upana wa megahezi 20 kwenye masafa ya 2.4.

Kwa anayeulizia kama anunue ya aina hii: nunua, mradi uombe picha mbili kabla ya kulipa, ya stika ya chini ya ruta na ya maandishi ya adapta, na umwombe muuzaji aiwashe apakue kitu kizito ukiwa unaona. Kama ilikuwa imefungwa juu ya paa au nje kwenye nguzo, mimi ningeiacha, hata ikiwa inawaka.