Mbele ya kamera au nyuma yake?

Hapa Goma vijana wanaoigiza huniuliza kila mara: nibaki kuigiza, au nianze kuongoza? Mfano wangu ni Ron Howard, aliyepita njia zote mbili. Mwaka 1960, angali mtoto, alikuwa tayari kwenye televisheni ya Marekani. 1974 akawa Richie, kijana wa tamthilia ya televisheni Happy Days. Nafasi ya kuongoza hakupewa bure: mtayarishaji wa filamu Roger Corman alimtaka kwanza amwigizie filamu. Akakubali, na 1977 akaongoza ya kwake. Oscar ya mwongozaji aliipata 2002.

Kwa gharama, kuigiza kunashinda kabisa. Unakuja na mwili wako na maneno uliyokariri. Mwongozaji anabeba kodi ya kamera, mafuta ya jenereta, pikipiki, chakula cha watu. Nilimkuta mmoja mtaa wa Birere, amekaa juu ya mawe meusi ya volkano, betri 2 zimebaki mkononi, waigizaji wanasubiri maharage. Machozi yalikuwa karibu, na namheshimu mpaka leo.

Kwa kudumu, mambo yanageuka. Muigizaji husubiri kuitwa, na sura ya ujana haikai. Anayejua kupanga hadithi, hakuna anayejali mikunjo ya uso wake.

Na cha kutunza? Sauti na mwili kwa muigizaji. Vifaa na watu kwa mwongozaji. Watu ndio wagumu.

Kama kodi ya nyumba inakudai mwezi huu, igiza kwanza, lakini kaa karibu na mpiga picha, uulize. Kama una kamera ya kuazima na rafiki anayehariri, anza na filamu ya dakika 5.