Kompyuta kongwe za nyumbani: ipi uinunue kwanza?

Ukitafuta kompyuta ya nyumbani ya miaka ya 1980, usihangaike na kasi wala kumbukumbu. Zote ni ndogo. Uliza ni ipi utakayoweza kuitunza ikaendelea kuwaka.

1. ZX Spectrum ya kilobaiti 48

Kwangu hakuna inayoipita. Sinclair waliitoa Uingereza Aprili 1982 kwa paundi 175, na ile ya kilobaiti 16 kwa paundi 125. Bei ilikuwa chini kwa sababu ilitegemea vitu vilivyokuwemo nyumbani tayari: televisheni ya sebuleni ndiyo skrini, redio kaseti ndiyo ghala la programu. Ukicheza kaseti, unasubiri dakika kadhaa za mlio mkali. Vitufe vyake vya mpira vimeandikwa amri nzima za BASIC, lugha ya kuandikia programu. Bonyeza P mwanzoni mwa mstari, PRINT inajiandika. Watoto wengi walianza kuandika programu zao wenyewe hapo, na ndiyo maana naipenda.

Vitufe visipoitika, usiiache. Utando ulio chini yake hukauka ukakatika, na mpya bado zinatengenezwa. Cha kuogopa ni adapta: ya Spectrum ni ya volti 9 na hasi iko katikati ya plagi, kinyume cha adapta nyingi za leo. Mwambie muuzaji aiwashe mbele yako.

2. Commodore 64

Kwa muziki, hii ni bingwa. Chipu yake ya sauti, SID, ilibuniwa na Bob Yannes. Ila adapta yake ya asili, inayopaswa kutoa volti 5, ikizeeka huzidisha kiwango hicho na kuunguza chipu za kumbukumbu. Muuzaji aape asiape, nunua adapta mpya kabla ya kuiwasha.

3. Amstrad CPC 464

Ya 1984. Kaseti imo ndani, na skrini yake ndiyo inayoipa umeme, kwa hiyo usikubali kuuziwa kibodi peke yake.

4. ZX81

Mwaka 1981 iliuzwa paundi 69.95, au 49.95 ukiiunganisha mwenyewe. Kilobaiti 1, haina rangi, haina sauti. Iweke kabatini kwa heshima.

BBC Micro, kompyuta nyingine ya miaka hiyo, nimeiacha. Ni imara, lakini ilikuwa zaidi ya darasani kuliko ya sebuleni.

Kabla ya kulipa, uliza kama Spectrum hiyo imeshabadilishwa na fundi itoe video ya kawaida. Ya asili hutoa mawimbi ya antena tu, na televisheni nyingi mpya huyapokea vibaya au haziyapati kabisa.