Kava la UTV ya shamba kwa safari ndefu ya trela: lipi la kwanza, lipi la mwisho

Wakulima wenzangu, hii naiandika kwa yeyote anayetaka kuvuta UTV kwenye trela la wazi, namaanisha hizi bagi za shamba zenye bodi dogo la mizigo nyuma, akiitoa Dar kuipeleka huku kwetu nyanda za juu. Yangu ilikuja Njombe, kama kilomita 700 hivi, na nikwambie ukweli, kilichoiharibu njiani hakikuwa mawe wala mvua, ni turubai nililolinunua mwenyewe nikijua nailinda.

Lilikuwa turubai la bluu, yale mepesi ya plastiki, nikalizungushia kamba za manila nikaona mambo safi. Mpaka Chalinze limetulia. Tumeingia hifadhi ya Mikumi naanza kusikia pa pa pa pa huko nyuma, na mle ndani husimami hovyo kwa ajili ya wanyama, kwa hiyo nikaenda hivyo hivyo karibu kilomita 50 zote. Tunasimama Ruaha Mbuyuni pale kwa wauza vitunguu, nakuta ringi tatu za chuma zimeng'oka, moja imebaki kwenye kamba inagonga nguzo ya paa. Nikakaza upya, tukapanda Kitonga, tukapita Iringa, halafu Makambako, na upepo wa Makambako anayeujua anaujua. Asubuhi Njombe nafunua, kona ya boneti upande wa kushoto imeliwa imekuwa nyeupe, upana wa kiganja, na kioo cha mbele ambacho kwenye bagi nyingi si kioo ni polikaboneti, yaani plastiki ngumu inayopitisha mwanga, kimefifia kama dirisha la jikoni lenye mvuke. Nikipitisha kidole nahisi mikwaruzo, na yote imelala upande mmoja, ule ule upepo ulikokuwa unalivuta turubai.

Vumbi linaingia chini ya turubai, turubai linapigapiga, hapo umeshajitengenezea msasa unaofanya kazi saa kumi na mbili mfululizo. Kwa hiyo swali la kwanza dukani sio "linazuia maji?", karibu yote yanazuia maji. Uliza litabanaje, litatulia vipi gari likiwa kwenye 80. Mpangilio wangu wote hapa chini umetokana na hilo.

Namba moja kwangu ni turubai la PVC la kushonesha kwa fundi. Sio la kununua limeshakatwa, la kupimiwa. Unaipeleka bagi yenyewe, au fundi anakuja na futi yake, anapima bagi ikiwa na paa lake, na kioo kama kipo. Hawa wanaoshona viti vya magari na maturubai ya malori wanaijua kazi hii vizuri, wape tu maelezo kamili. Mwambie unataka PVC nzito, gramu 600 kwa mita mraba na kuendelea, mishono iwe miwili miwili, na pembe zote zinazogusa bodi ashonee kitambaa laini kwa ndani, hata blanketi la zamani linafaa, maana PVC yenyewe tupu ni ngumu na inakwaruza. Mikanda ya kubana ishonewe kwenye turubai lenyewe, iwe minne au sita, ipite chini ya bagi na ikazwe upande wa pili. Usimkubalie ringi za chuma peke yake, zikishang'oka ndio zinageuka nyundo. Na mwache nyuma atoboe matundu mawili ya hewa yenye kofia, upepo ulioingia upate pa kutokea, la sivyo linavimba kama puto. Faida nyingine kubwa likichanika popote pale kuna mtu wa kuliziba. Ubaya wake ni zito, kulikunja peke yako ni shughuli, na likikunjwa likiwa bichi linaota ukungu.

Namba mbili ni makava ya kiwandani yanayotoka nje, ya poliyesta, yaliyokatwa kwa modeli yako. Mazuri sana, mepesi, ndani laini, na mtu mmoja analivalisha dakika tano. Nimeyaweka ya pili kwa sababu ya kosa ambalo watu wanalifanya kila siku: kuna kava la kuegesha na kuna kava la kuvutwa barabarani, na kwenye picha yanafanana kabisa. La kuegesha lina lastiki tu chini. La safari lina lastiki PAMOJA na mikanda yenye vifungo vya kukazia, na maelezo yake yanasema wazi kwamba linafaa kuvutwa. Kama halijasema, lichukulie halifai. Halafu angalia ile namba yenye D, 300D ni nyuzi nyembamba, 600D ni nene, kwa barabara zetu za malori chukua 600D. Na upime bagi yako kabla ya kulipa, urefu, upana na kimo, maana ya viti viwili na ya viti sita zinaweza kubeba jina moja la kibiashara ila kava haliingiliani, na kava kubwa kuliko gari ni lile lile turubai langu la bluu kwa bei ya juu.

Trela la boksi, yaani lililofungwa pande zote, ndio ulinzi kamili, hilo sibishani na mtu. Vumbi kidogo, jiwe hakuna, mwizi haoni kilichomo. Ila mi naliweka la tatu kwa mkulima wa kawaida anayehamisha bagi mara mbili kwa mwaka. Ni zito likiwa tupu, upepo unalisukuma ubavuni, gari linakunywa mafuta, na shambani huwezi kulipakia mbolea kirahisi kama la wazi. Kama kazi yako ni kuhamisha hamisha kila wiki basi kwako liwe la kwanza, tena moja kwa moja.

La nne, na hapa wengi watanishangaa, ni kutofunika kabisa. Unatoa kioo cha mbele unakifunga kwenye blanketi unakiweka ndani ya gari, unatoa na mito ya viti kama inatoka, unasimamisha ubao wa plaiwudi au bati mbele ya trela kukinga mawe yanayorushwa na matairi ya gari lako mwenyewe, basi. Ukifika unaosha. Vumbi lililokaa juu ya rangi bila kusuguliwa linatoka kwa maji, linalosuguliwa halitoki. Ndio maana turubai la bluu liko la tano, chini ya kutofunika, na ningekuwa na uwezo nisingeliweka kabisa. Liacheni lifunike mahindi.

Kwa ambaye anaacha kioo cha mbele mahali pake: pakia bagi ikiangalia mbele. Vioo vile na mapaa ya plastiki vimetengenezwa kupokea upepo wa mbele, ukipakia kinyumenyume upepo unaingia kwa nyuma unakisukuma kitoke nje, na vile vishikio vyake haviwezi hiyo kazi. Hata ikiangalia mbele, kama nyuma ni wazi kagua bolti za paa kabla hujaondoka.

Sasa mikanda, maana kava zuri juu ya bagi inayocheza ni hasara mbili. Bagi nyingi ziko kati ya kilo 450 na 800 hivi, kwa hiyo kamba ya katani sahau. Nunua mikanda minne ya racheti, ile yenye mpini wa kukazia, ya poliyesta, sio nailoni, nailoni ikilowa inavutika na ukija kuangalia mkanda umelegea. Soma lebo. Mikanda mingi ya viwango vya Marekani ina namba mbili, ya kukatika na ya kufanyia kazi, na ya kazi ni theluthi ya ile ya kukatika, mkanda wa kukatika kwa kilo 1,500 wewe uhesabu 500. Dukani watakuonyesha ile kubwa kwa sababu ndiyo iliyoandikwa kwa maandishi makubwa. Mkanda usio na lebo muachie mwenyewe.

Funga kwenye chesesi, pembe nne, pale mwongozo wa gari ulipoonyesha, usifunge kwenye nguzo za paa wala bampa la plastiki, na angalia mkanda usipite juu ya paipu la breki. Kaza mpaka shokapu zishuke kidogo, zisifike mwisho. Pindisha mkanda mara moja kabla hujaukaza, ule ulionyooka unatetemeka kwenye upepo na kujisaga wenyewe. Kabari mbele na nyuma ya matairi, gia kwenye P kama ipo, hendibreki, ufunguo toa, mfuniko wa tenki kaza.

Uzito nao: kwenye trela la ekseli moja au mbili, sehemu inayolalia kwenye ndoano ya gari iwe kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wote wa trela na mzigo. Trela na bagi vikiwa kilo 1,200 basi pale mbele pawe na 120 mpaka 180. Ukirudisha bagi nyuma sana trela linaanza kuyumba mkia, na kwenye mteremko kama wa Kitonga hutaki kabisa kukutana na hilo.

Kabla ya kufunika osha bagi ikauke, hata kama ni mpya, kisha injini ipoe kabisa kwanza, eksozi ya moto inatoboa PVC na poliyesta mara moja. Kama kioo cha polikaboneti kina vumbi kimwagie maji mengi kwanza ndio uguse kwa sabuni laini na kitambaa, usitumie petroli wala dawa ya vioo yenye amonia. Na kava lisifunike taa za trela wala namba.

Ukishatembea kilomita 30 hivi simama, kaza mikanda yote upya, yote inalegea mwanzoni, hata ile ya bei mbaya. Weka mkono juu ya kava wakati msaidizi wako anatikisa trela. Pale mkono unapohisi kitambaa kinateleza juu ya bodi, hapo ongeza mkanda au blanketi kabla hujafika Mikumi.