Kubadilisha sponji za wufa za inchi 8 nyumbani Kisumu: uzoefu wangu na seti ya kuagiza

Seti niliyotumia kukarabati wufa, yaani spika za besi, ina ringi mbili za sponji za ukingo, vifuniko viwili vya katikati ya koni (ile sehemu ya mbele inayocheza) na kichupa kimoja cha gundi nyeupe. Sponji naipa alama zote: laini, imekatwa sawasawa, na mkunjo wake, yaani lile tuta la duara, una unene mmoja pande zote. Gundi ndiyo haitoshi. Wufa ya kwanza ilikula zaidi ya nusu ya kichupa, kwa hiyo anayeagiza aongeze kingine.

Spika nyingi za mitumba zina ukingo wa sponji ya poliyurethani, na sponji hiyo huliwa na unyevu wa hewa hata spika ikiwa imezimwa. Hewa ya ziwani huku kwetu haiisaidii. Iguse kwa kidole: ikimeguka kama keki kavu, imekwisha. Kuna wanaoweka raba badala yake kwa kuwa haiozi upesi. Ni kweli haiozi, lakini ni nzito kuliko sponji. Wufa iliyoundwa kwa sponji ikivishwa raba hupungua sauti, na besi hubadilika kwa sababu kasha na tundu lake vilipimwa kwa koni nyepesi. Mimi nabaki na sponji.

Usiagize kwa kusema "inchi 8" tu. Pima kwa milimita kipenyo cha koni, kipenyo cha mkunjo na kipenyo cha nje pale sponji inapokalia fremu. Angalia pia kama mdomo wa ndani umelala au umeinama kufuata koni. Tofauti ya milimita 4 inatosha kuifanya ringi isikae.

Kwangua mabaki ya zamani kwa kisu butu, kisha pangusa fremu kwa spiriti. Kwenye koni ya karatasi tumia spiriti kidogo sana, maana karatasi hulegea. Chembe zisiingie kwenye mwanya wa sumaku.

Sasa kazi yenyewe, ambayo ni kuiweka koili (waya uliozungushwa nyuma ya koni) katikati ya mwanya wa sumaku. Maelezo ya seti yanasema unaweza kuacha kifuniko cha katikati mahali pake na kukadiria kwa mkono. Sikubaliani nayo, na vifuniko vipya si vimo ndani ya seti? Kata kile cha zamani kwa wembe, uone koili na chuma cha katikati. Kata vipande 4 vya karatasi ya fotokopi, upana kama wa kidole, uvichomeke kati ya koili na chuma katika pembe nne. Karatasi moja ni kama milimita 0.1. Ikilegea, ikunje iwe tabaka mbili. Koili ishikwe bila kusukumwa.

Gundisha mdomo wa ndani kwenye koni kwanza, uache usiku kucha. Kesho yake, karatasi zikiwa mahali pake, gundisha ukingo wa nje kwenye fremu na uubane kwa vibanio vya nguo kuzunguka duara lote. Ngoja saa 24, na msimu wa mvua uongeze, kwani gundi nyeupe hukauka kwa kupoteza maji. Gundi ya viatu hushika papo hapo, huwezi tena kusogeza koni. Supaglu nayo hukauka ikawa ngumu, sponji ikapasuka pembeni yake.

Toa karatasi, kisha piga mlio wa hezi 30 kutoka kwenye simu kupitia amplifaya, sauti ikiwa chini. Koni itacheza kimyakimya. Ukisikia mkwaruzo kama kucha kwenye karatasi, koili inagusa chuma: lowesha gundi ya fremu ingali changa, ubandue, uanze upya. Ukibandika kifuniko kipya kabla ya jaribio hili, utakikata tena.

Mradi kasha liko wazi, tazama kapasita ya twita, yaani kile kijenzi kinachozuia besi isifike kwenye twita, spika ndogo ya sauti nyembamba. Ile ya elektroliti huzeeka na thamani yake husogea. Weka ya filamu ya thamani ileile: mikrofaradi 4.7 na twita ya omu 8 hukata sauti zilizo chini ya karibu hezi 4,200, na ukiweka 3.3 utapanda hadi karibu 6,000, na hapo utaacha pengo kati ya wufa na twita. Usichomoe kapasita yenye alama ya kutoa kwenye bodi ya televisheni ukaiweka hapa, kwa sababu hiyo hukubali umeme wa upande mmoja tu, na mawimbi ya sauti hugeuka pande zote mbili. Ya filamu ni kubwa kimwili, kwa hiyo ibandike kwenye ubao kwa gundi ya moto kabla ya kulehemu, la sivyo mtikisiko wa besi utakata miguu yake.