Wiki tatu kwenye fleti ya Karl-Marx-Allee, Berlin (nyota 4 kati ya 5)

Nilipofika, hata begi sijalitua, kitu cha kwanza nilichofanya ni kugusa ukuta. Jumba zima limevikwa vigae vya kauri vya Meissen, mji wa Ujerumani unaosifika kwa kauri, rangi yake kama maziwa yaliyotiwa chai kidogo tu. Ilikuwa Februari, kigae baridi kinauma vidole. Pembeni ya mlango mkuu vichache ni vyeupe kuliko wenzao. Vigae vya mwanzo viliharibika kwa miaka, vikawa vinabanduka na kuanguka njiani, na ukarabati wa kuanzia miaka ya 1990 ndio ulioziba mapengo. Nilisimama pale nikitafuta kipi kipya na kipi cha zamani mpaka mkono ukafa ganzi.

Fleti yenyewe iko ghorofa ya tano, baina ya Strausberger Platz na Frankfurter Tor, nimepanga kwa mtu binafsi kwa siku 21. Vyumba viwili, dari ya juu, sakafu ya vipande vya mbao vilivyopangwa mshazari kama ukili wa mkeka. Ngazi ni pana, watu wawili wenye mizigo wanapishana bila kuombana radhi. Nyumba ya kupangisha iliyojengwa kwa heshima namna hii nimeiona mara chache sana.

Na heshima hiyo ilikusudiwa. Jiwe la msingi liliwekwa Februari 1952, mtaa ukiitwa Stalinallee, Berlin bado imejaa vifusi vya vita na matofali yakiokotwa humo humo. Serikali ya Ujerumani Mashariki ilitaka mfanyakazi akae kwenye jumba la kifalme: lifti, radiata, maji ya moto bombani, wakati familia nyingi za mji ule zilikuwa bado zinapandisha makaa ya mawe ngazini kwa ndoo. Lakini waliojenga ndio walioumia. Tarehe 16 Juni 1953 mafundi wa mtaa huu waliacha kazi kwa sababu kiwango cha kazi kilipandishwa asilimia 10 bila nyongeza ya mshahara. Kesho yake maandamano yakaenea nchini, na vifaru vya Kisovieti vikayazima. Tangu nilipolijua hilo, sikupita tena pale bila kuwakumbuka. Jina la Stalin lenyewe liliondolewa 1961.

Sasa kasoro. Tangazo lilisema kumetulia. Si kweli. Barabara ina upana wa karibu mita 90 na magari hayalali, na chumba cha kulala kimeelekea huko huko. Nilipomwambia mwenye fleti, alinijibu kwamba nyumba iko chini ya hifadhi ya majengo ya kihistoria, hawezi kubadilisha dirisha la mbele bila kibali. Hilo nalikubali, na hata naliunga mkono, kwani dirisha moja la plastiki lingeuchafua uso wa jumba zima. Ila angelisema kabla sijalipa. Lifti nayo ilikufa siku nne.

Ukienda, tembea mtaa mzima, ni zaidi ya kilomita 2 kidogo. Minara miwili ya Frankfurter Tor ni kazi ya msanifu majengo Hermann Henselmann, na kuba zake zinafuata zile za makanisa pacha ya uwanja wa Gendarmenmarkt, Berlin hapo hapo. Mimi lakini nilipenda zaidi nyumba mbili zilizojificha nyuma ya miti ya popla, zilizosanifiwa na Ludmilla Herzenstein mwaka 1949 na 1950. Kila ghorofa ina ujia mrefu wa wazi kwa nje, kama baraza, na milango yote inafungukia hapo. Wakubwa wa siku zile hawakuupenda usahili wake, ikapandwa miti kuzifunika. Wamezionea.

Ukivuka Strausberger Platz kuelekea Alexanderplatz, vigae vya Meissen na nguzo vinakwisha. Huku kulijengwa kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa vipande vya zege vilivyotoka kiwandani, mistari mitupu. Nilimpigia mama simu ya video nikamgeuzia kamera. Akanyamaza kidogo, akasema, "Mwanangu, si Kikwajuni hapo?" Hakukosea sana. Baada ya Mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, Wajerumani hawa hawa wa Mashariki ndio waliosaidia kujenga fleti za Kikwajuni, mjini Unguja, kisha mipango ya Michenzani. Mama amelea watoto watano ndani ya nyumba zile. Akaniambia nisogee karibu aone kibaraza, kisha akauliza nguo wanaanika wapi.

Treni ya chini ya ardhi ni U5, shuka kituo cha Weberwiese. Omba chumba kinachotazama uani, na uliza habari ya lifti kabla ya kulipa. Agosti narudi na mama, nimeshaandikisha ghorofa ya kwanza.