Hita ya maji ya sola Mtwara, uzoefu wangu baada ya kuifunga nyumbani

Wageni wakiiona juu ya bati wananiuliza, Mtwara na joto hili maji ya moto ya nini? Anayeuliza hivyo hajawahi kumkanda mzazi. Dada yangu alijifungulia kwetu, mama akawa anamkanda asubuhi na jioni kwa maji ya moto kweli kweli, gunia la mkaa linaisha mpaka unashangaa, na mama mwenyewe miguu inamsumbua, kipindi cha kusi mwezi wa saba alfajiri hawezi kabisa kugusa maji ya simtank. Ndo nikaanza kutafuta.

Madukani wanakuonyesha kwanza zile za mirija ya vioo, bei nafuu na zinachemsha hatari. Muuzaji mmoja alinikazania hiyo hiyo, kila nikimuuliza kuhusu maji yetu ananijibu kuhusu joto. Jamani jua huku tunalo! Kinachoua vifaa huku ni maji ya kisima yenye chokaa na upepo wa bahari wenye chumvi. Angalia birika lako la chai, ule ukoko mweupe ukigonga unabanduka vipande vipande, ndo huo utakaoganda ndani ya mirija, na maji yakizidi moto na wenyewe unazidi. Halafu maji yakikatika tenki likakauka, yakarudi saa saba mchana na jua la utosi, mrija uliokuwa mkavu umeshika moto ukikutana na maji ya baridi unapasuka. Na maji kukatika huku nani hajui.

Kwa hiyo nimechukua ya paneli bapa, yaani kisanduku bapa chenye vibomba vya shaba ndani badala ya mirija ya vioo, lita 200, tupo wanne na hesabu ya kawaida ni kama lita 50 kwa mtu. Nikachukua ya mzunguko uliofungwa, yaani maji ya kwenye paneli ni yale yale yanazunguka humo humo, yanapasha ya kuogea kupitia ukuta wa tenki bila kuchanganyika. Nchi za baridi wanaipendea hiyo kwa sababu ya barafu, sisi inatukingia chokaa isizibe vibomba vya shaba. Pampu haina, maji yakipata moto yanakuwa mepesi yanapanda tenkini yenyewe na ya baridi yanashuka, ndo maana tenki linakaa juu ya paneli, na umeme ukikatika haina habari.

Sisi tupo Shangani, bahari ipo karibu, chuma cha kawaida hakikai. Nilidai fremu ya aluminiamu na boliti za stenlesi, fundi akasema najisumbua bure, nikamwonyesha misumari ya bati la jirani ilivyoliwa akanyamaza. Ndani ya tenki kuna fimbo ya magnesiamu, yenyewe inaliwa na kutu ili tenki lipone, uliza kabla hujalipa kama ipo na kama spea yake inapatikana, wauzaji wengi watakutolea macho tu. Yangu ilipochomolewa kukaguliwa ilikuwa imekonda ina vishimo kama muhogo ulioliwa na wadudu, na tenki ndani safi.

Paneli itazame kaskazini. Sisi tupo nyuzi kama 10 kusini mwa ikweta, mwezi wa sita na wa saba jua linapitia huko na ndo miezi unayoyahitaji maji ya moto zaidi, usikubali fundi akuwekee upande wa barabara eti ipendeze. Bomba la moto liwe PPR, ile plastiki inayohimili maji ya moto, PVC ya kawaida inalegea. Na paa likaguliwe mbao zake, maji peke yake ni kilo 200.

Jioni maji yanachoma, lazima uchanganye hasa kwa mtoto, na alfajiri bado ya moto. Mvua ikishika siku mbili tatu yanakuwa vuguvugu, hapo kuna elementi ya umeme ya akiba, ila kupasha lita 200 kutoka nyuzi 27 hadi 55 ni kama uniti 6 na nusu za LUKU, sisi tunaiwasha kwa ajili ya mama tu. Bei ilikuwa juu kuliko ya mirija, sifichi, na spea nyingi mpaka ziagizwe Dar.

Kama ndo unajenga sasa hivi, mwambie fundi bomba apitishe kabisa njia ya maji ya moto ukutani hata kama hita utanunua mwakani, kutoboa bafu lenye vigae tayari ni gharama nyingine kabisa.