Kitalu cha miche njia ya Mikindani: miche poa, usafiri wao ndo majanga

Kwa wale mnaoulizaga paini na miti ya krismasi hapa Mtwara inapatikana wapi, mi nimechukua kwenye kitalu kimoja kidogo njia ya kwenda Mikindani, cha mzee mmoja na wanae, na niseme tu mapema miche yao ni mizuri kuliko ile inayoshushwaga na malori kutoka Njombe na Mafinga, ila kukuletea mzigo nyumbani ndo wanapoharibu.

Kiriba ukikishika kizito, udongo umeshikana na una nyuzinyuzi nyeupe, nikamuuliza mzee mbona una ukungu akacheka, "mwanangu huo ndo unaonunua." Ni uyoga unaoishi na mizizi ya paini, unatandaa mbali kuliko mizizi yenyewe na kuivutia maji, kwa hiyo wanachanganya udongo uliotoka chini ya mipaini mikubwa. Kwa mchanga wetu huu ambao maji yanapita tu, hapo hela yangu sijaionea uchungu.

Halafu kabla ya kuuza wanatoa neti ya kivuli na kupunguza maji taratibu mche ukomae. Huku mvua msimu mmoja, ikikata mwezi wa tano ndo basi mpaka mwezi wa kumi na moja au kumi na mbili, na kusi linapuliza. Mche uliodekezwa maji asubuhi na jioni hautoboi.

Sasa watu wanapopigwa ni hapa. Paini ikikosa maji inawahi kufunga vile vitundu vya kwenye majani, maji yanaacha kutoka kwa wingi lakini hewa ya ukaa nayo inaingilia hukohuko, so usanisinuru unashuka mpaka karibu kusimama na mti unakula akiba yake, na bado maji yanavuja kidogokidogo kupitia ngozi ya jani japo ina nta, jua likiwa kali ndo zaidi. Ukame ukizidi, hewa inaingia kwenye vijia vya maji ndani ya mti, vikishaziba vingi hata umwagie pipa zima maji hayapandi. Na majani yake magumu yanaweza kukaa kijani wiki kadhaa mti ulishakufa kitambo! Mpapai ukiwa na kiu unauona leoleo, paini inakuchekea tu. Ndo maana ile ya lori, imepigwa upepo njia nzima mizizi nje, inauzwa ikiwa kijani safi.

Mzee yeye anakukwangulia gome kwa ukucha, ndani kukiwa na kijani kibichi chenye unyevu unalipa. Mmoja aliukwangua ukatoka kahawia, akautupa pembeni mwenyewe wala sijasema kitu.

Kuhusu aina, paini ulizia ya Karibea, hii aina ya patula ya kule shamba la miti la Sao Hill, Mafinga, ni ya baridi. Saiprasi watu wanasema ni ngumu, na ukoo wake kweli una miti migumu, ule ukame wa 2002 na 2003 kusini magharibi mwa Marekani uliua mipaini ya pinyon kwa wingi, wadudu wa magome wakaimalizia, huku mijunipa ya jirani, ambayo ni ya ukoo huohuo wa saiprasi, mingi ikipona (ni ndugu wa mtarakwa wetu wa milimani) maana yenyewe inachelewa kufunga vitundu na mbao yake haiingiliwi na hewa kirahisi. Ila saiprasi ya Meksiko tunayouziwa sana imezoea milimani, usiitelekeze bila maji miaka ya mwanzo. Na msiuziwe mvinje mkaambiwa paini, unafanana tu, sio ukoo mmoja kabisa, japo kwa nyumba ya ufukweni ningechukua huohuo mvinje na chenji inabaki.

Usafiri sasa. Nimelipia kirikuu, dogo kaja saa saba mchana, hakuna turubai, kakimbiza barabara nzima, viriba vingine vimepasuka mizizi iko wazi. Yaani mnalea mche miezi yote hiyo halafu mnaukausha ndani ya nusu saa? Nikapiga simu, wakabadilisha vilivyopasuka bila maneno, sawa, lakini nauli hawakurudisha.

Nendeni wenyewe jioni na turubai lenu. Mche wa krismasi elfu tano, mvinje elfu mbili, ukichukua mingi anapunguza. Jumapili hawafungui.